Mwenye kukata gato akamate kipande cha mwisho

Mwaka wangu wa mwisho wa lisansi nilipata 15 kwa 20 katika mtihani wa falsafa ya siasa. Swali lilikuwa fupi: eleza kanuni mbili za haki za John Rawls, kisha useme kama zinaweza kutumika katika nchi yetu. Nilijaza kurasa nne. Niliandika juu ya pazia la kutojua, juu ya uhuru sawa kwa wote, juu ya ile kanuni inayokubali mmoja awe na zaidi ya mwenzake ikiwa tu jambo hilo linamfaidisha yule aliye chini kabisa. Nikamalizia kama tunavyomaliziaga wote: nadharia ni nzuri, tatizo ni wanasiasa. Profesa akaweka alama, mimi nikaweka Rawls kwenye kabati.

Mwaka 2023 nikapata kazi ya siku tatu. Wengi wenu mnaijua. Shirika moja linatafuta vijana wenye diploma, wanaojua Kifaransa na Kiswahili, wapite kwenye kartie kuandika watu watakaopata msaada. Unapewa jile, badji na fomu, unalipwa kwa siku. Kwa mtu aliyemaliza masomo na anaongeza kredi ya simu kwa franga za mdogo wake, ile ni kazi ya heshima.

Kwenye avenyu tuliyopewa nafasi zilikuwa 60. Watu waliokuja walipita mara tatu ya hesabu hiyo. Kigezo kilikuwa wazi: wakimbizi wa vita wanaoishi katika familia za watu, wala si kambini. Shangazi yangu anakaa avenyu ile. Alikuwa amepokea watu tisa kutoka Rutshuru katika nyumba yake ya mbao yenye vyumba viwili, miezi mitano, bila mtu kumuuliza anapika nini. Wiki mbili mbele ya sisi kufika, wageni wake walienda Bulengo, wakaandikwa kule kambini. Yeye akabaki na deni la unga dukani. Kwa kigezo chetu hakuwa na haki ya kitu. Nikamwandika. Nikaweka kwamba ni mkimbizi wa vita. Jina lake likawa la 60.

Nusu saa nyuma akafika mama mmoja na mtoto mgongoni. Nikamwambia nafasi zimekwisha. Hakulia wala hakutukana. Aliangalia tu fomu mikononi mwangu, akauliza: "Weye, njo nani alikupatia biki?"

Nilirudi nyumbani nikatoa Rawls kwenye kabati. Maandishi haya ni matokeo ya kumsoma mara ya pili, na ninataka kusema kwamba namna tunavyofundishwa nadharia za usawa inatuacha bila jibu kwa swali la yule mama, wakati jibu limo ndani ya vitabu vyenyewe.

Gato

Katika *A Theory of Justice*, kitabu cha 1971 ambacho wengi wetu tunakisoma katika tafsiri ya Kifaransa ya Catherine Audard ya 1987, kuna mfano mdogo ambao sikumbuki kuusikia darasani. Watu kadhaa wanataka kugawana gato kwa usawa. Hawahitaji rula. Mmoja anakata, na yeye anakamata kipande cha mwisho. Juu anajua kitakachobaki ndicho chake, atajitahidi vipande vyote vitoshane. Rawls anautoa mfano huo ili kuonyesha utaratibu ambao wenyewe unazaa matokeo ya haki, kisha anapita haraka, kwa sababu anajua maisha ya jamii ni mara chache yanakuwa rahisi kama gato.

Lakini angalia vizuri. Pazia la kutojua, ambalo sisi tunalikariri kama mafumbo, ni gato ileile iliyoongezwa ukubwa. Wanaochagua kanuni za jamii hawajui watakuwa tajiri ao maskini, mwenye afya ao kilema, mtoto wa nani. Kwa maneno mengine, wanakata bila kujua kipande gani kitawaangukia. Nguvu yote ya Rawls iko pale. Hatuombi mkataji awe mtakatifu. Tunamfunga kwa kumweka fasi ambayo upendeleo hautamsaidia.

Na sisi wa Goma tunajua pazia lile si hadithi tu ya profesa wa Harvard. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, Nyiragongo ilipopasuka, mbingu ilikuwa nyekundu na hakuna aliyejua lava itashuka upande gani. Mwenye nyumba ya etaje na mpangaji wake walikuwa barabarani pamoja na godoro moja. Kama usiku ule mtu angepitisha karatasi ya kuuliza, "Wale ambao nyumba zao zitaungua wasaidiwe na wote waliobaki, mnakubali?", sisi wote tungetia sahihi. Asubuhi lava ikawa imesimama Buhene, si mbali na uwanja wa ndege. Pazia likafunguka. Kila mtu akajua kipande chake. Aliyekuwa na nyumba bado imesimama akaanza kusema wale wa Buhene walijenga fasi mbaya. Siku tano nyuma, kartie 10 kati ya 18 za muji zikaambiwa zitoke, na pazia likarudi kwa muda kidogo, njiani kwenda Sake ao mpakani kuingia Rwanda. Yaani tulipokuwa hatujui, tulikuwa wenye haki. Tulipojua, tukawa mawakili wa nyumba zetu.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzetu wanaosema Rawls ni wa Wazungu na hana neno kwetu. Neno analo. Ila kuna fasi mbili ambapo kitabu chake kinateleza juu ya mawe yetu.

Nani yuko ndani

Ya kwanza: Rawls anafikiri jamii kama nyumba iliyofungwa. Mtu anaingia kwa kuzaliwa, anatoka kwa kufa. Anajua ni kurahisisha, anasema mwenyewe, lakini kila kitu kinajengwa juu ya urahisi huo. Sasa hesabu muji wetu. Watu wameingia kwa miguu kutoka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, wengine mara tatu ao nne katika maisha yao. Makambi ya Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala yalijaa, kisha mwezi wa pili 2025, baada ya M23 kuingia mjini mwishoni mwa mwezi wa kwanza, yakabomolewa na watu wakaambiwa warudi. Aliyekuwa "mwenyeji" jana ni "mkimbizi" leo, na kesho anaitwa "aliyerudi". Kila jina kati ya hayo matatu lina fomu yake na msaada wake.

Kwa hiyo swali la kwanza la haki kwetu haliwezi kuwa "kila mmoja apate kiasi gani". Linatanguliwa na lingine: nani anahesabiwa? Shangazi yangu hakunyimwa kwa sababu mtu alipima shida yake akaiona ndogo. Alinyimwa juu neno lililokuwa kwenye fomu halikumjua. Familia zilizopokea wakimbizi zilibeba mzigo mkubwa wa vita hivi, na mara nyingi hazikuwa na safu yao kwenye karatasi.

Ya pili inafuata hiyo. Rawls anamwacha mkataji nyuma ya pazia, halafu anashughulika na kanuni, katiba, sheria, mahakama. Mtu anayekwenda na kisu mkononi kwenye avenyu, haonekani sana. Kwetu yeye ndiye serikali yote ambayo mama yule ataiona mwaka ule. Ni nyumbakumi, ni shefu wa avenyu, ni mimi na jile yangu. Susan Moller Okin alishaona tatizo la namna hii 1989 alipomwambia Rawls kwamba watu wake nyuma ya pazia ni kama wakubwa wa nyumba, na kwamba haki haikuingia mlangoni kuangalia nani anakula nini. Fomu yetu pia iliandika "mkubwa wa familia", mstari mmoja kwa nyumba moja. Gunia likishuka, nani analifungua? Fomu haikuuliza.

Mana haikuanguka, imekuja na kamio

Hapa lazima nimpe neno mtu ambaye darasani tunamcheka, Robert Nozick. Kitabu chake cha 1974 kinamshambulia Rawls kwa hoja hii: mnaongea juu ya kugawanya kama vile vitu vilianguka kutoka mbinguni bila mwenyewe. Vitu vinakuja vikiwa na historia. Kuna aliyelima, aliyenunua, aliyepewa. Hakuna mtu mmoja aliyesimama katikati ya jamii na sufuria, akiwapakulia wote.

Kwenye kiwanja cha distribisio Nozick anakosea waziwazi. Kule kuna sufuria, kuna anayepakua, na unga unashuka kwa kamio ukiwa hauna mwenyewe kati ya wanaosubiri. Ni mana kabisa. Lakini swali lake la historia silitupi. Akisema mali ni halali ikiwa ilipatikana kwa haki na ikapita kwa haki kutoka mkono hadi mkono, na kwamba palipokuwa na wizi lazima pawe na marekebisho, basi kijana wa Masisi anaweza kumuuliza: na koltani ya Rubaya? Nozick, mwanafalsafa wanayempenda matajiri, anakubali katika kitabu chake kwamba dhuluma za zamani zinaweza kuwa kubwa hadi kuhitaji kwa muda serikali yenye mikono mirefu kuliko ile anayoipenda. Sisi tunasoma sura za kutetea wenye mali, tunaruka fasi hiyo. Nafikiri ni kwa sababu mtihani hauiulizi.

Kuonyesha shida ili upate

Kuna aibu nyingine ambayo hesabu ya vipande haiioni. Fomu yangu ilikuwa na maswali ya "udhaifu". Je, mama ni mjane? Kuna kilema ndani ya nyumba? Watoto wanakula mara ngapi kwa siku? Nilimwuliza mzee mmoja maswali hayo mbele ya majirani zake, juu foleni ilikuwa imekaribia sana. Alijibu kwa sauti ya chini, nikamwomba arudie kwa nguvu. Mbele ya vita alikuwa na ng'ombe. Alirudia.

Elizabeth Anderson, katika makala yake ya 1999 juu ya maana ya usawa, anawakosoa wanafalsafa wanaotaka tu kulipa fidia kwa wenye bahati mbaya. Anafikiria ofisi ya serikali inayotuma barua kwa watu ikiwaambia: tunakupa franga hizi kwa kuwa umezaliwa bila kipaji, ao kwa kuwa hakuna anayekupenda. Kila mtu anapata sehemu yake, na kila mtu anatoka amedharauliwa. Kwake, lengo la usawa ni watu waweze kusimama mbele ya wenzao bila kuinama na bila kuomba ruhusa ya kuwa watu. Amartya Sen alikuwa ameanza njia ya karibu na hiyo: usiangalie tu mtu ana nini, angalia anaweza kufanya nini nacho. Sisi tunamwelewa haraka. Maharage kilo tano bila makala na bila maji si chakula bado. Muji uko kando ya ziwa, lakini kuna kartie ambako mama anauza sehemu ya maharage ili anunue bidoni ya maji na makala ya kupikia yaliyobaki. Anayeangalia liste anaona nyumba mbili zimepata sawasawa.

Nikiwaweka pamoja, Anderson ananionyesha kosa langu la pili, ambalo nilikuwa silioni. La kwanza lilikuwa kuiba nafasi. La pili lilikuwa kumfanya mzee anunue nafasi yake kwa heshima yake.

Kanuni ambayo tunairuka

Sasa nirudi kwa swali la biki. Rawls anaweka masharti ambayo kanuni yoyote ya haki lazima iyatimize, na moja kati yake ni kujulikana hadharani. Kanuni inayofanya kazi kwa sababu watu hawaijui si kanuni ya haki. Wale wanaoongozwa nayo lazima waijue, wajue kwamba wengine wanaijua, na waweze kuambiana "ulivunja hapa". Kwetu sharti hili lina uzito kuliko lile la pazia, na sikumbuki kulifundishwa.

Mama yule hakuniambia nimpe. Aliniuliza nani alinipa mamlaka, kwa kanuni gani, na yeye akalalamike wapi. Sikuwa na jibu hata moja. Kigezo kilikuwa kwenye fomu, kwa Kifaransa. Hesabu ya nafasi tulikatazwa kuisema "ili watu wasivuruge". Namba ya simu ya malalamiko ilikuwa imeandikwa nyuma ya badji yangu, iliyogeukia kifua.

Nasikia tayari jibu la wenzetu wanaofanya kazi hii kila siku, na lina haki ndani yake: hii ni nchi ya vita, ukibandika majina ya watu ukutani unaweza kuwaua. Ni kweli. Kuna mtu ambaye hapaswi kujulikana ametoka kijiji gani wala analala wapi. Lakini sharti la Rawls linagusa kanuni, haligusi majina. Unaweza kuficha majina 60 na bado ukasimama barabarani ukasema kwa Kiswahili: nafasi ni 60, tunawatafuta watu wa aina hii, familia zilizopokea wageni hazimo na tunajua si sawa, huyu ndiye wa kulalamikiwa, mimi siandiki avenyu ya ndugu zangu. Kelele zitakuwepo. Zitakuwa kelele za watu wanaojua wanapiga kelele juu ya nini.

Na ugonjwa huu hauishii kwenye avenyu. Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, katika kifungu cha 58, inasema kila Mkongomani ana haki ya kufaidi utajiri wa taifa na kwamba Serikali ina wajibu wa kuugawanya kwa haki. Kifungu cha 175 kinaweka hesabu: asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na ikatwe palepale yanapopatikana. Hiyo ni kanuni ya gato. Asiwepo mtu wa kukusanya vyote kwanza, kisha afikirie atakaorudishia. Kilichotendeka miaka yote ni kinyume: Kinshasa ilikusanya, ikarudisha kiasi ilichotaka, siku iliyotaka. Hakuna aliyefuta kifungu. Mkataji alijiweka tu mbele ya foleni. Nyerere alilielewa hilo. Azimio la Arusha la 1967 tunalikumbuka kwa ujamaa na mabenki yaliyotaifishwa, lakini lilikuwa pia na masharti ya viongozi: asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni. Mengi ya uchumi wa Azimio hayakufaulu, na kuwahamisha watu vijijini kwa nguvu kulikuwa kosa. Wazo la kuanza na mwenye kisu mkononi, hilo bado ni zima.

Sisi wenye biki

Tunaandika sana kwenye ukurasa huu kama watu wa nje ya mfumo: wakubwa wanakula, sisi tunaangalia. Ukweli ni kwamba sisi wenye diploma ndio tunaitwa kuandika liste. Misaada imepungua, Marekani ilikata sehemu kubwa ya yake 2025, na gato ikiwa ndogo mkono wa mkataji unaonekana zaidi. Mwaka ujao mmoja wenu atavaa jile ile na atakuwa na shangazi kwenye avenyu ile.

Nilimwambia shangazi yangu nilichofanya, baada ya yeye kupata gunia. Nilifikiri atanifariji. Aliacha kuchambua sombe, akasema: "Kama uliona nastahili, ungesema kwa wakubwa wako wabadilishe ile karatasi. Sasa umenifanya mwizi, na ile mama hana kitu." Kisha akaongeza kwamba nyumbani kwake yeye anakulaka wa mwisho, na siku nyingine anakuta sufuria imekauka, na hakuna mtu aliwahi kumwandikia kitabu.

Tulikwenda kumtafuta yule mama tumpelekee nusu ya gunia. Kwenye nyumba tuliyoonyeshwa walisema ameshahama, hawajui kama ni Bulengo ao Mugunga. Jina lake hawakulijua, na mimi sikuwa nimeliandika popote.